Nondo wa Blackburn: sheria inamlinda, gugu linamlisha

Simulia kijiweni kwamba katika kisiwa cha Maui, huko Hawaii, mwenye kiwanja anashauriwa amlete mtaalamu atafute viwavi kabla tingatinga halijaingia, uone watakavyokujibu. Wapo watakaocheka. Wapo watakaosema Wamarekani wana pesa za kuchezea. Na hatakosekana mmoja, pengine mkulima, atakayeuliza swali la maana zaidi: kiwavi si ndiye anayetumalizia mahindi? Analindwa wa nini?

Mambo huchanganya zaidi mtu akipata habari nusunusu. Anaambiwa kiwavi huyo ni wa nondo aliye hatarini kutoweka. Kisha anaambiwa mmea anaokutwa akiutafuna mara nyingi ni gugu la kigeni, lenye sumu, ambalo watu wa mazingira haohao wangefurahi kuliona limeondoka. Sasa kinacholindwa ni mdudu au gugu? Na kama gugu linamshibisha, hatari iko wapi?

Tuanze na mdudu mwenyewe. Nondo (huyu wa mabawa, si yule wa zege) ni ndugu wa kipepeo. Wengi wao huruka usiku, wana miili minene yenye manyoya, na rangi zao ni za vumbi na magome ya miti. Maisha yake yana hatua nne: yai, kiwavi, pupa, kisha mdudu mwenye mabawa. Hatua ya kiwavi ndiyo ya kula. Kiwavi hana shughuli nyingine duniani; anakula, anajivua ngozi, anakula tena, mpaka apate akiba ya kutosha kujigeuza. Akishakuwa pupa hali kitu. Nondo wa aina tunayoizungumzia akitoka na mabawa hana tena cha kutafunia, ana mrija tu wa kunywea nekta ya maua.

Kwa hiyo anahitaji mimea ya aina mbili katika maisha yake. Ule anaoutafuna akiwa kiwavi huitwa mmea mwenyeji. Mingine ni ya maua, ya kumnywesha akishakomaa. Mmoja ukikosekana, uwepo wa mwingine haumsaidii.

Swali linalofuata huwa ni hili: kwa nini asile majani yoyote? Mimea haikubali kuliwa kirahisi. Kila jamii ya mimea ina sumu zake, na jamii ya nyanya ni mashuhuri kwa hilo. Humo mna nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo, mnavu, mnanaha na tumbaku. Nikotini ya tumbaku ni kiuadudu ambacho mmea umejitengenezea wenyewe. Wadudu wachache waliopata namna ya kuihimili sumu hiyo wamejipatia chakula ambacho wengine hawakigusi, ila gharama yake ni kufungwa hapohapo. Mwili uliozoea sumu za jamii moja hauhamii jamii nyingine kwa sababu tu njaa imeuma. Nondo jike huchagua mmea kwa kunusa na kwa kuonja jani kwa miguu yake, ndipo anataga. Akikosea, mtoto atakufa njaa akiwa amesimama juu ya jani bichi.

Sasa huyu wa Hawaii. Jina lake la kisayansi ni Manduca blackburni, na kwa kawaida huitwa nondo wa Blackburn, kwa heshima ya mchungaji Thomas Blackburn aliyekusanya vielelezo vya kwanza. Alielezwa rasmi mwaka 1880. Ndiye mdudu wa asili mkubwa kuliko wote wa Hawaii: akitandaza mabawa, kutoka ncha hadi ncha hufika sentimita 12. Ni wa kijivu na kahawia, na ubavuni mwa tumbo lake ana madoa matano ya rangi ya chungwa kila upande. Nje ya visiwa hivyo hapatikani popote.

Kiwavi wake ni wa kumtazama kwa karibu. Hufika sentimita 9 hivi, mnene, ana mstari mweupe ubavuni na vidoti vyeupe vilivyomwagika mwilini, na nyuma kabisa kuna pembe moja iliyochongoka. Wapo wa kijani kibichi na wapo wa kijivu. Pembe hiyo inatisha bure, haichomi. Akishiba vya kutosha hushuka, anatambaa mbali na mmea, anajifukia na kuwa pupa ndani ya udongo. Mambo yakienda vizuri, kutoka yai hadi kuruka ni takriban siku 56. Yasipoenda vizuri, kwa mfano ukame ukikaza, pupa anaweza kungoja chini ya ardhi hata mwaka mzima. Hili la pupa tulishike, tutalihitaji mwishoni.

Zamani alikuwa akipatikana karibu katika visiwa vyote vikubwa vya Hawaii. Kufika miaka ya 1970 wataalamu walishaamini ametoweka. Kilichosaidia asiulizwe mapema ni kwamba anafanana mno na binamu yake wa kigeni, nondo ambaye kiwavi wake hula nyanya mashambani, na kwa muda mrefu wawili hao walichanganywa. Mwaka 1984 kundi dogo likaonekana Maui, upande mkavu wa kusini, kwenye mawe ya volkano ya Kanaio. Mwaka 2000 serikali ya Marekani ikamwandikisha katika orodha ya viumbe walio hatarini. Alikuwa mdudu wa kwanza wa Hawaii kuingia humo.

Alienda wapi miaka yote hiyo? Fuata mti. Mmea wake mwenyeji wa asili ni ʻaiea, mti mdogo wa jamii hiyohiyo ya nyanya. Iko spishi nne, zote za Hawaii peke yake, na mbili kati yake ndizo zinazohusishwa zaidi na nondo huyu. Humea katika misitu mikavu, upande wa visiwa usiopata mvua nyingi. Bahati mbaya hiyo ndiyo misitu ambayo binadamu aliimaliza kwanza: kwa moto, kwa mashamba, kisha kwa mifugo. Mbuzi walishushwa Hawaii na meli za nahodha James Cook mwaka 1778. Ng'ombe waliletwa na George Vancouver mwaka 1793. Visiwa hivyo havikuwahi kuwa na mnyama wa kucheua hata mmoja, na mimea yake haikuwa imejiandaa kwa miiba wala uchungu dhidi ya midomo ya namna hiyo. Leo inakadiriwa kuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya misitu mikavu ya asili ndiyo iliyobaki. ʻAiea zilizopo ni chache na nyingi ni nzee, maana mche unaochipua unaliwa kabla haujafika magotini.

Hapo ndipo gugu linapoingia. Mtumbaku-mwitu, Nicotiana glauca, ni kichaka kirefu cha Amerika Kusini. Una majani ya kijani yanayoelekea kijivu na maua marefu ya njano yaliyoning'inia. Wasomaji wa Kenya na Tanzania huenda wameupita mara nyingi bila kuuliza jina, kwa sababu huku nako umeshafika na kuota maeneo makavu. Usiujaribu: una sumu iitwayo anabasini, ndugu wa nikotini, inayoua mifugo na watu. Hawaii umejaa kando ya barabara, kwenye machimbo, kwenye viwanja vilivyosafishwa vikaachwa. Kwa kuwa ni wa jamii moja na ʻaiea, nondo jike aliuonja akaukubali. Viwavi wengi wanaoonekana siku hizi, wanaonekana humo.

Ni rahisi kusema basi, tatizo limekwisha. Mti wa asili umeondoka, mgeni amechukua nafasi, mdudu anakula. Nadhani hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na si makosa yao, kwa sababu hoja inaonekana imenyooka. Lakini tazama mtumbaku-mwitu unaota wapi. Ni sawasawa na mama anayeuza chakula kwenye kibanda ndani ya hifadhi ya barabara: wateja wapo, watoto wanaenda shule, ila ile X nyekundu inaweza kupigwa ukutani asubuhi yoyote. Gugu hili huota mahali palipovurugwa, na mahali palipovurugwa huvurugwa tena. Linafyekwa barabara ikipanuliwa. Linang'olewa nyumba zikianza kujengwa. Ukame ukizidi linapukutisha majani na kufa, na hata likiachwa kwa amani haliishi miaka mingi. Viwavi waliokuwa juu yake hawana pa kuhamia. ʻAiea, kinyume chake, ni mti wa kudumu: ukishasimama msituni unalisha kizazi baada ya kizazi mahali palepale.

Mfano wa ajabu zaidi ni Kahoʻolawe, kisiwa kidogo karibu na Maui. Jeshi la Marekani lilikitumia kwa mazoezi ya mabomu tangu 1941 hadi 1990, na mbuzi walishakitafuna mpaka udongo mwekundu ukawa unapeperushwa baharini. Mtumbaku-mwitu ukaota katika uharibifu huo. Nondo wa Blackburn yuko huko. Ukiyaondoa magugu yote ya kisiwa hicho kesho kwa nia njema ya kurudisha asili, utamuua. Ukiyaacha milele, umemfunga kwenye mmea usiotabirika. Wanaofanya kazi hii hawachagui moja kati ya hayo mawili. Wanapanda ʻaiea kwanza, wanasubiri ikue, gugu linaondolewa baadaye na kwa vipande. Mti huchukua miaka kukua. Habari ya mti unaokua polepole haiandikwi magazetini, ndiyo maana tunasikia za tingatinga tu.

Kuna upande wa maua pia, ambao husahaulika. Nondo aliyekomaa anakunywa kwenye koali ʻawa, mtambaazi wa jamii ya viazi vitamu wenye maua ya zambarau, na kwenye ʻilieʻe, ambao nasi tunao Afrika Mashariki. Lakini ua lake hasa, kwa macho yangu, ni la maiapilo. Hiki ni kichaka cha pwani kavu kinachotambaa juu ya mawe ya volkano. Ua lake jeupe hufunguka jua likizama, likatoa nyuzi ndefu nyembamba na harufu nzuri, na kufika asubuhi limeshanyauka. Ua la usiku mmoja halimsubiri nyuki. Nondo wa jamii hii huelea hewani mbele yake bila kutua, anakunjua mrija, anakunywa, anaondoka na chavua.

Kwa anayedhani hayo ni mapambo tu, aulize wenye mipapai. Watafiti Dino Martins na Steven Johnson walichapisha mwaka 2009 utafiti wao wa Kenya ulioonyesha kuwa mipapai shambani huchavushwa na nondo wa jamii hii hii, na kwamba ukaribu wa vichaka vya asili una uzito wake katika kazi hiyo. Mpapai dume una chavua, jike ndilo lenye tunda, na anayesafirisha kati yao jioni ni mdudu ambaye wengi tungempiga ndala. Chakula cha kiwavi wake kiko kwenye vichaka tunavyovifyeka kwa sababu havina faida.

Rudi Hawaii. Hata pale mti na maua vipo, wapo maadui walioletwa. Visiwa hivyo havikuwa na sisimizi wa asili, hata spishi moja. Leo wapo wa kila namna, akiwemo sisimizi wa kichwa kikubwa, ambao wanabeba mayai na viwavi wadogo. (Sisimizi huyohuyo ndiye aliyevamia Laikipia, Kenya, akawaua sisimizi wanaolinda migunga dhidi ya tembo. Tembo wakaivunja miti, simba wakakosa pa kujificha, wakapungukiwa pundamilia. Utafiti huo ulitoka 2024, na unastahili makala yake.) Pia kuna nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mayai ya nondo. Baadhi ya maadui hao walipelekwa makusudi kuwadhibiti wadudu wa mashamba, bila kuuliza kama watatofautisha nondo wa shambani na wa msituni. Hawatofautishi.

Kisha nyasi. Mkenya akipanda kuelekea misitu ya Auwahi, mlimani Maui, atakuta zulia la kijani analolifahamu: majani ya kikuyu. Nyasi hii ya nyanda za juu za Afrika Mashariki ilipelekwa Hawaii kwa malisho, na huko imetandaza mkeka mzito kiasi kwamba mbegu ya mti wa asili ikidondoka haifiki ardhini. Kule Auwahi kazi ya kurudisha msitu ilianza 1997. Waliweka uzio kuzuia mifugo, wakaiua nyasi kwa dawa, kisha watu wa kujitolea wakapanda miche ya asili iliyosongamana ili kivuli chake kizuie nyasi isirudi. Mabondeni tatizo ni nyasi nyingine za Kiafrika, ndefu, zikiwemo za Guinea, ambazo zikikauka huwa petroli. Ndizo zilizokuwa zimejaa kwenye mashamba ya miwa yaliyoachwa kuzunguka mji wa Lahaina, ulioteketea Agosti 2023 na kuua watu zaidi ya 100. Msitu mkavu wa asili hauna uwezo wa kupona haraka baada ya moto, nyasi inao. Kila moto unaopita unaiongezea nyasi eneo, na unampunguzia nondo.

Sasa yale yanayosemwa.

Kwamba kiwavi ni kiwavi, na wote ni waharibifu. Kiwavijeshi vamizi aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kuyala mahindi yetu ni kiwavi wa nondo, ni kweli. Ila nondo duniani wana spishi zaidi ya laki moja na nusu, na wanaosumbua mashamba na kabati za nguo ni sehemu ndogo sana. Sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini, ya mwaka 1973, imelifikiria jambo hili: mdudu aliyethibitika kuwa ni hatari kubwa mno kwa binadamu haingii katika ulinzi wake. Kiwavijeshi hangepata hata fomu.

Kwamba wapande bilinganya au tumbaku, yaishe. Ni kweli viwavi hawa wamewahi kuonekana kwenye mazao ya jamii hiyo. Lakini shamba hunyunyiziwa dawa, huvunwa na kulimwa upya, na pupa aliye kwenye udongo hukutana na jembe. Halafu mkulima anayeona kiwavi mwenye pembe kwenye bilinganya zake hataanza kuuliza ni wa nondo gani.

Kwamba afugwe kwenye maabara. Kufuga kunaweza kuwa akiba, lakini anayefugwa lazima siku moja aachiwe, na hapo swali linarudi lilelile: aachiwe juu ya mti gani?

Kwamba sheria inazuia maendeleo. Hili lina ukweli ndani yake, na wanaolikana hawasaidii. Mwaka 2003 zaidi ya hekta 20,000 zilitangazwa kuwa makazi muhimu ya nondo huyu, katika visiwa kadhaa. Tangazo la namna hiyo halimnyang'anyi mtu ardhi wala halimzuii mwenye shamba kulima. Linaibana hasa miradi yenye fedha au kibali cha serikali kuu. Kinachombana mtu binafsi ni katazo la kumuua au kumdhuru mdudu mwenyewe. Hapo ndipo ile habari ya tingatinga inapoeleweka.

Mwongozo wa idara ya wanyamapori ya Marekani unamtaka mwenye mradi afanye ukaguzi wiki 4 hadi 6 kabla ya kazi, ikiwezekana msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, wakati mimea ina majani. Mkaguzi hatafuti kiwavi peke yake. Anatafuta mayai, mashina yaliyotafunwa, na vinyesi vilivyodondoka chini ya kichaka, maana kiwavi wa ukubwa huo hawezi kuficha alichokula. Akikuta ʻaiea, au mtumbaku-mwitu uliozidi futi tatu, ambazo ni kama sentimita 90, kazi inasimama mpaka idara iarifiwe. Mtumbaku-mwitu ulio chini ya urefu huo unang'olewa bila shida, tena unahimizwa ung'olewe, kwa sababu unaweza kuzifikia futi tatu ndani ya wiki sita tu, na hapo unaanza kumfaa nondo.

Na kwa nini kukata kichaka hakutoshi? Ni yule pupa. Kiwavi anaweza kutambaa hata mita 75 kutoka kwenye mmea kabla ya kujifukia, na atakaa ardhini hadi mwaka. Kiwanja kinachoonekana kitupu, bila gugu wala jani lililotobolewa, bado kinaweza kuwa na nondo ndani yake, na huyo hakuna mkaguzi atakayemwona kwa kutembea juu yake.